Kuhamia Uingereza na Familia: Zamu na Shule Kwanza, Mji Baadaye

Waulize Watanzania au Wakenya walioko Uingereza kwa nini wanaishi mji fulani. Majibu hayazidi matatu: ndugu alikuwa huko, kazi ilikuwa huko, au ndiko walikopata nyumba ya kwanza. Kwa mtu aliye peke yake hakuna ubaya. Anakodi chumba, na akichoka anafungasha begi lake. Mwenye watoto hana wepesi huo. Akishawaandikisha shule, akanunua vitanda na kulipa amana ya nyumba, kuhama tena kunamla akiba yote aliyokuja nayo, na watoto wanaanza upya kutafuta marafiki kwa lugha ambayo bado wanaifukuzia.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umeshapata kazi, au una ofa mbili tatu mkononi, na unataka kwenda na mwenzi wako na watoto. Hoja yake ni moja: usianze na mji. Anza na mambo mawili ambayo hutaweza kuyabadilisha ukishafika, yaani zamu zako za kazi na umri wa watoto wako. Hayo ndiyo yakuchagulie mtaa, ndani ya kodi unayoimudu.

KISANDUKU: KWANZA, JE, FAMILIA INARUHUSIWA?

- Kazi za kiwango cha digrii chini ya visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi (wauguzi, wahandisi, walimu wa sekondari): mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa, na mwenzi anaruhusiwa kufanya kazi.
- Walezi wa wazee na wagonjwa: tangu 11 Machi 2024 anayeanza hawezi kuleta familia, na tangu 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuajiri walezi kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia "kazi ya ulezi na familia yako yote" leo ni tapeli.
- Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani: tangu Januari 2024 hawaleti familia. Wa shahada ya uzamivu na uzamili wa utafiti wanaweza.

Masharti haya hubadilika mara kwa mara. Yasome kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, wiki ileile unayolipia visa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kodi ya nyumba kabla hujaupenda mji

Dalali wa Uingereza hakuulizi kama unaimudu nyumba. Anapiga hesabu yake mwenyewe, na kwa kawaida ni hii: mshahara wako wa mwaka, kabla ya makato, uwe angalau mara 30 ya kodi ya mwezi. Usipofika hapo anataka mdhamini anayeishi Uingereza, na mdhamini naye hupimwa kwa kipimo kikali zaidi.

Tumchukue muuguzi anayeanza ngazi ya 5 ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Kwa mwaka wa 2025/26 mshahara wake ulikuwa pauni 31,049. Gawanya kwa 30, unapata pauni 1,035. Hiyo ndiyo kodi ya juu kabisa ambayo dalali atamkubalia. Sasa tazama upande wa pili. Baada ya kodi ya mapato, bima ya taifa na pensheni, anabaki na karibu pauni 2,000 kwa mwezi. Akipanga nyumba ya pauni 1,035, na akalipa kodi ya halmashauri, umeme na gesi (karibu pauni 150 kwa mwezi ukisawazisha baridi na joto) na maji, zinabaki kama pauni 600 za kulisha watu wanne, nauli, simu na fedha za kutuma nyumbani. Mzazi kijijini hajui habari ya gesi.

London ndiyo inayowaponza wengi. NHS humwongezea anayefanya kazi katikati ya London asilimia 20, na wa London ya nje asilimia 15. Ukiisikia ukiwa Dar es Salaam au Nakuru inaonekana neema. Lakini asilimia 20 inampandisha muuguzi wetu hadi kodi ya pauni 1,242, ilhali wastani wa kodi ya nyumba London mwaka 2025 ulipita pauni 2,000 kwa mwezi. Hull, Sunderland au Stoke-on-Trent nyumba ya vyumba viwili vya kulala hupatikana kwa chini ya pauni 800, na mshahara wa NHS ni uleule. Kwa familia yenye mshahara mmoja, sioni hoja ya kuitetea London.

Nasema mshahara mmoja kwa makusudi. Mwenzi wako anaruhusiwa kufanya kazi, ila dalali hamhesabu mpaka awe na mkataba na hati za mshahara. Na kama mna mtoto mchanga, fikirini mara mbili. Watoto wote wa miaka 3 na 4 wa England wanapata saa 15 za bure kwa wiki katika chekechea, wiki 38 kwa mwaka. Saa za ziada wanazopewa wazazi wanaofanya kazi hazikuhusu ikiwa ninyi wote wawili mmezuiwa misaada ya umma. Mtoto wa mwaka mmoja utamlipia bei kamili, na bei hiyo inaweza kumeza mshahara wote wa pili.

Usisahau kodi ya halmashauri, ile wanayoiita kaunsili. Nyumba zimepangwa kwa madaraja kuanzia A hadi H. Wastani wa daraja D England kwa 2025/26 ulikuwa pauni 2,280 kwa mwaka, na daraja A hulipa theluthi mbili ya D. Daraja la nyumba yoyote linaonekana gov.uk ukiingiza postikodi yake. Tangazo la nyumba likilinyamazia, litafute mwenyewe.

Hatua ya 2: Ipime safari ya kazini siku ya Jumapili

1. Muulize mwajiri utafanya kazi jengo gani. Barua ya ofa hutaja jina la taasisi ya NHS, na taasisi moja huwa na hospitali kadhaa, pengine katika miji tofauti. Taka postikodi ya jengo lenyewe.
2. Uliza zamu zinaanza saa ngapi. Zamu ya saa 12 hospitalini huanza saa moja au saa moja na nusu asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo.
3. Fungua ramani ya simu, weka siku ya Jumapili na saa ya kufika, kisha jaribu mitaa mitatu tofauti. Mtaa wenye basi kila baada ya dakika kumi siku ya Jumatatu unaweza usiwe na basi hata moja Jumapili kabla ya saa mbili.
4. Kumbuka 25 Desemba. Siku hiyo treni hazitembei na mabasi karibu yote yamelala, lakini wodi hazifungwi.

Leseni yako ya Tanzania au Kenya inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni leseni ya Uingereza, mtihani wa nadharia na wa barabarani. Foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu, kwa hiyo usichague mtaa usio na basi kwa kutegemea gari ambalo bado hujalinunua.

Halafu jiulizeni nani atamchukua mtoto. Shule ya msingi hutoka kati ya saa tisa na saa tisa na nusu alasiri, na watoto wadogo hawaachiwi kwenda peke yao. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kama nyote mtakuwa kazini, ulizeni mapema shule ipi ina klabu ya asubuhi na ya jioni, na bei yake.

Hatua ya 3: Tafuta nafasi ya shule, usitafute sifa za shule

Hapa ndipo wengi huteleza, na makala nyingi za kuhamia nje huishia kusema "tafuta mtaa wenye shule nzuri". Shule nzuri iliyojaa haikusaidii. Shule ya serikali ni bure, na mtoto wako ana haki ya kusoma. Lakini wewe unakuja katikati ya mwaka, baada ya wengine kugawiwa nafasi: maombi ya darasa la kuanzia hufungwa 15 Januari, ya kuingia sekondari hufungwa 31 Oktoba, na masomo huanza Septemba inayofuata.

Anza kwa kujua darasa la mtoto. England inapanga kwa umri, haipangi kwa alama. Chukua umri wake wa 31 Agosti kabla ya mwaka wa masomo kuanza, toa 4. Aliyekuwa na miaka 9 anaingia Year 5. Aliyekuwa na 14 anaingia Year 10, hata kama huku alirudia darasa.

Baadaye ipigie simu au iandikie idara ya udahili ya halmashauri. Uliza hivi: "Ni shule zipi zina nafasi Year 2 na Year 7, karibu na postikodi hii?" Wanatakiwa kukujibu. Fanya hivyo kwa halmashauri mbili au tatu, na majibu yao ndiyo yakuoneshe mtaa wa kutafuta nyumba. Halmashauri nyingi hazishughulikii ombi lenyewe mpaka mtoto awe nchini na uwe na uthibitisho wa anwani, lakini kuuliza nafasi hakuhitaji anwani. Ombi likishapokelewa, unapaswa kujibiwa ndani ya siku 15 za shule.

Mambo matatu ya kuangalia kulingana na umri:

Miaka 4 hadi 7. Kisheria darasa la umri huu halizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Likijaa limejaa, na rufaa hufaulu kwa shida. Ndugu wawili wanaweza kupangiwa shule mbili zilizopishana mtaa mzima, na wewe una miguu miwili tu.

Miaka 14 hadi 16. Year 10 na 11 ni miaka ya GCSE, mitihani ya taifa ya sekondari. Masomo na bodi za mitihani hutofautiana shule hadi shule, kwa hiyo kumhamisha mtoto Year 11 kunaweza kumlazimisha aanze vitabu vipya miezi michache kabla ya mtihani. Ikiwa una hiari ya tarehe ya kusafiri, mfikishe kabla Year 10 haijaanza. Kama umri umeshapita, chagua mji ambao utabaki humo mpaka amalize.

Wanaokaribia miaka 11. Kent, Lincolnshire na Buckinghamshire bado zina shule za sekondari zinazochuja watoto kwa mtihani wa kuingia. Mtoto aliyefika mwaka huohuo hajauandaa. Si sababu ya kuzikimbia kaunti hizo, ila ujue unakoingia.

Ripoti za Ofsted, wakaguzi wa shule, utazisoma, bila shaka. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena hukumu ya neno moja, kwa hiyo soma maelezo yenyewe, hasa yanayohusu mahudhurio, nidhamu na watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili.

Na ndugu je?

Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini kwao, kwa madai kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda kwa maelfu. Walikuwa na jamaa huko, na viwanda vyenye kazi, na leo Leicester ni mji ambao unga wa mahindi, mihogo na mchele wa pilau hununuliwa dukani kama kwetu. Jamaa wana uzito ambao hesabu za dalali haziuoni: wa kukupokelea mtoto, wa kukuonesha msikiti au kanisa, wa kuongea Kiswahili nanyi mtoto asije akakisahau.

Lakini fikia kwa ndugu, usijifunge kwake. Kuna jambo la kisheria pia. Jamaa wa karibu huhesabiwa kaya moja, lakini ikiwa "ndugu" huyo ni rafiki au mtu wa kwenu tu, England nyumba moja ikiwa na watu watatu au zaidi wa kaya tofauti wanaoifanya makazi yao huweza kuhesabiwa kuwa nyumba ya kuchangia, na wakifika watano leseni inahitajika. Mkataba wa ndugu yako nao huenda unamkataza kuweka familia nyingine. Akikuambia "njooni tu, tutabanana", anakupenda, ila anaihatarisha nyumba yake. Wiki mbili tatu za ugeni ni sawa. Miezi sita sebuleni inaua undugu.

Hatua ya 4: Mmoja atangulie

Ukiweza, mwenye kazi atangulie na familia imfuate baada ya miezi miwili hivi. Hospitali nyingi humpa muuguzi mgeni chumba cha muda, lakini ni cha mtu mmoja. Chumba hicho kinampa nafasi ya kuitembelea mitaa kwa miguu, usiku na mchana, na kupata hati ya mshahara ya kumwonesha dalali. Kupanga nyumba kwa picha kutoka Mombasa ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 5: Kagua nyumba kwa macho ya Januari

Baridi na unyevu ndivyo vinavyotesa familia zetu huko kuliko kingine chochote. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale kwa maradhi yaliyotokana na ukungu katika nyumba waliyopanga wazazi wake, na kifo hicho kikazaa sheria mpya kwa nyumba za jamii, zile zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya makazi. Kwa hiyo ingia na orodha hii mkononi:

☐ Pembe za dari na nyuma ya kabati: kuna madoa meusi? Rangi mpya ukuta mmoja tu inaficha nini?
☐ Dirisha la bafu linafunguka? Feni ya kutoa mvuke inafanya kazi?
☐ Cheti cha nishati, EPC: hupewa herufi A hadi G. Chini ya E kwa kawaida hairuhusiwi kupangishwa. Kati ya C na E tofauti ya bili inasikika mfukoni.
☐ Joto linatoka wapi? Gesi na radieta ni nafuu kuliko hita za umeme.
☐ Mita ni ya kulipia kabla, kama luku au tokeni? Kama ndiyo, ina deni la mpangaji aliyepita?
☐ Mtandao wa simu: piga simu ukiwa kila chumba.
☐ Hatari ya mafuriko na takwimu za uhalifu wa mtaa: gov.uk na police.uk, kwa postikodi.
☐ Rudi saa nne usiku. Simama nje dakika kumi.

Hatua ya 6: Fedha na karatasi

England dalali haruhusiwi kukutoza ada ya kukuonesha nyumba, ya fomu wala ya mkataba, tangu sheria ya mwaka 2019. Anachoweza kudai ni amana ya kushikilia nyumba isiyozidi kodi ya wiki moja, amana ya upangaji isiyozidi wiki tano, na kodi ya mwanzo. Kwa nyumba ya pauni 850 kwa mwezi, wiki tano ni pauni 980. Jumla ya kuingilia ni kama pauni 1,830, kabla ya vitanda.

Kuanzia 1 Mei 2026, chini ya sheria mpya ya haki za wapangaji, mwenye nyumba binafsi England haruhusiwi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla, kukufukuza bila sababu, wala kukukataa kwa kuwa una watoto. Mpangaji naye anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Mgeni asiye na rekodi alizoea kukwamuliwa na kulipa miezi sita mbele. Mlango huo umefungwa, kwa hiyo mdhamini na hati za mshahara vina thamani zaidi.

Tuma fedha kwa utaratibu huu tu:

1. Umeingia ndani ya nyumba, wewe au mtu unayemwamini.
2. Umeangalia jina la mmiliki katika daftari la ardhi, HM Land Registry. Nakala ni pauni 7.
3. Umehakikisha wakala ni mwanachama wa The Property Ombudsman au Property Redress.
4. Umeonesha haki yako ya kupanga kwa namba ya kushirikisha (share code) ya eVisa, wala hujampa mtu pasipoti yako akae nayo.
5. Umesoma mkataba, ukalipa kwa benki na kupata risiti.

Mwenye nyumba "yuko safarini" na anataka amana kwanza? Funga mazungumzo.

KISANDUKU: NJE YA ENGLAND

Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao za upangaji na shule. Scotland walio chini ya miaka 22 wanapanda basi bure, na shule hufuata mipaka ya mtaa unakoishi. Wales shule nyingine hufundisha kwa Kiwelsh. Dawa za daktari ni bure katika nchi zote tatu. England mtu mzima hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa.

Makosa yanayojirudia

*Kuomba msaada usioruhusiwa.* Visa yako itaandikwa kwamba huna haki ya misaada ya umma. Posho ya watoto na punguzo la kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo vimo katika misaada hiyo, na kuvichukua kunaweza kuharibu visa ya familia nzima. Shule, chekechea ya saa 15 na matibabu ya NHS havimo. Punguzo la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake nalo halimo, kwa hiyo aliyetangulia akipanga nyumba mapema alidai, na aliache siku mwenzi atakapoingia.

*Kungoja bili ili kujiandikisha kwa daktari.* Kujiandikisha ni bure na hakuhitaji uthibitisho wa anwani. Fanya wiki ya kwanza.

*Kutopiga picha.* Siku ya kupokea funguo piga picha kila ukuta, kila doa na namba za mita, kisha zitume kwa barua pepe kwa dalali siku hiyohiyo.

*Kutouliza amana iko wapi.* Ndani ya siku 30 mwenye nyumba lazima aiweke katika mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na akupe maelezo yake kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo.